Mvua, baridi na pikipiki: Jinsi ya kuchagua mavazi yasiyopitisha maji

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, waendeshaji wengi wa pikipiki hungoja hadi matone ya kwanza yaanguke ndipo waanze kuuliza koti la mvua liko wapi. Wengine hujifunika gunia, kipande cha turubai au jaketi nzito iliyovaliwa kinyumenyume, wakaendelea na safari wakiomba mvua ipungue.

Jambo hili si dogo. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo, bodaboda zimeenea nchini kote, mijini na mashambani. Vijana wengi sasa hushinda kutwa nzima juu ya pikipiki, wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei, wakati wa vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katika baridi kali ya Juni na Julai. Wanaobebwa nao ni wengi zaidi: watoto wa shule, wafanyakazi, wachuuzi na hata wagonjwa.

Wengi hudhani kwamba kazi ya koti la mvua ni kuzuia nguo zisilowe. Hiyo ni sehemu tu. Kazi yake kubwa ni kuhifadhi joto la mwili ili vidole viweze kushika breki, macho yaweze kuona na akili iweze kuamua upesi. Ndiposa yafaa mavazi haya yachaguliwe kwa makini kama vile mtu anavyochagua magurudumu au breki za pikipiki yake.

MWILI UNAPOLOWA

Joto la kawaida la mwili wa binadamu ni digrii 37 hivi za Selsiasi. Mwili hujitahidi usiku na mchana ili kiwango hicho kisibadilike sana. Mtu akiwa mkavu, hewa iliyonaswa ndani ya nguo zake humsaidia kwa sababu hewa haipitishi joto kwa urahisi. Nguo zikilowa, hewa hiyo huondoka na maji huchukua mahali pake. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayokaribia mara 25 ya ile ya hewa.

Juu ya hayo kuna upepo. Mwendeshaji anayekwenda kilomita 60 kwa saa hujitengenezea upepo wa kasi hiyo hiyo hata kama miti ya kando ya barabara imetulia tuli. Hewa ikiwa na digrii 10, upepo huo huifanya ngozi iliyo wazi ihisi kana kwamba ni digrii 5 hivi. Hesabu hiyo ni ya ngozi kavu. Iliyolowa hupoteza joto zaidi, maana maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto la mwili.

Wakazi wa Limuru, Kinangop, Molo na Nyahururu wanaifahamu baridi ya aina hii. Timboroa, iliyo zaidi ya meta 2,700 juu ya usawa wa bahari, huwa na baridi hata mchana mvua inaponyesha. Lakini hata Nairobi, mwendeshaji aliyelowa chepechepe jioni ya Julai anaweza kupatwa na baridi ya kumdhuru.

Mwili unapohisi baridi, mishipa ya damu ya mikono na miguu hujibana ili joto libaki katika moyo, mapafu na ubongo. Hiyo ni njia ya mwili kujiokoa, lakini huviacha vidole vikiwa vigumu, vizito na visivyo na hisia. Mwendeshaji huona hatari iliyo mbele, lakini mkono huchelewa kukamata breki.

Tuhesabu kidogo. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa husonga karibu meta 17 kila sekunde. Kwa hiyo vidole vikichelewa sekunde moja tu, pikipiki imesonga meta 17 kabla ya breki kuanza kufanya kazi. Ongeza kwamba lami iliyolowa huteleza, hasa mvua inapoanza kunyesha baada ya kiangazi na kuchanganyika na mafuta na vumbi. Ajali nyingine ambazo watu husema zimeletwa na utelezi huenda zilianza katika vidole vya mwendeshaji.

Joto la mwili likishuka chini ya digrii 35, mtu huwa ameingia katika hali inayoitwa hipothemia. Wengi hufikiri kwamba hali hii huwapata tu wale wanaoishi penye theluji. Sivyo. Mtu aliyelowa na kupigwa na upepo kwa muda mrefu anaweza kuingia katika hali hiyo hata penye baridi ya kadiri. Dalili za kwanza ni kutetemeka, meno kugongana na vidole kushindwa kufunga kifungo cha shati. Baadaye mtu huzungumza kama mlevi, hupepesuka, husinzia na hufanya maamuzi yasiyo na maana. Mwenyewe aghalabu hatambui kwamba amebadilika.

JE, MVUA HULETA NIMONIA?

Wazazi wengi huwaonya watoto wao kwamba wakinyeshewa watapata nimonia. Ukweli ni kwamba nimonia husababishwa na viini, yaani bakteria, virusi au kuvu, vinavyoshambulia mapafu. Baridi na mvua zenyewe si viini. Mtu hawezi kupata nimonia kwa kulowa tu ikiwa hakuna kiini kilichoingia mwilini mwake.

Basi mwendeshaji anayekohoa kwa siku nyingi, anayehisi maumivu kifuani, mwenye homa au anayepumua kwa shida asijiambie kwamba "ni baridi tu ya barabarani." Na aende hospitalini akapimwe. Huenda ni nimonia, pumu au kifua kikuu, na maradhi hayo hayatibiwi kwa jaketi nzito.

Yako madhara mengine ambayo kulowa huyaleta moja kwa moja. Miguu inayoshinda ndani ya viatu vilivyojaa maji hukunjamana, ngozi hubabuka na kuvu huota katikati ya vidole. Kuvu hiyo huwasha, hupasua ngozi na kufungua mlango kwa viini vingine. Mapajani nako, unyevu na msuguano wa kiti huleta vipele na michubuko.

KITAMBAA: KUKINZA MAJI NA KUTOPITISHA MAJI

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuchanganya mambo mawili. Kuna kitambaa kinachokinza maji, yaani matone huteleza juu yake kwa muda wa dakika chache kisha hupenya. Halafu kuna kitambaa kisichopitisha maji kabisa. Jaketi nyingi za kupendeza madukani ni za aina ya kwanza. Zinamfaa mtu anayetembea kutoka steji ya matatu hadi ofisini, lakini hazimfai anayeendesha pikipiki kwa nusu saa katika mvua kubwa, kwa sababu kasi ya pikipiki huyasukuma matone kwa nguvu dhidi ya kifua.

Sasa tuangalie vitambaa vyenyewe.

Pamba na jinsi: Hivi ni vibaya zaidi kwa mvua. Pamba hufyonza maji, huwa nzito na huchelewa kukauka. Fulana ya pamba iliyolowa hugandamana na ngozi na kuipokonya joto. Chini ya koti la mvua, afadhali sweta ya sufu, kwa kuwa sufu huhifadhi joto kiasi hata ikiwa na unyevu.

Ngozi: Jaketi ya ngozi ni kinga nzuri mtu akianguka na kuburutwa kwenye lami, lakini hufyonza maji mvua ikizidi. Vaa koti la mvua juu yake.

Plastiki nzito: Makoti haya hupatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu, na hayapitishi maji hata kidogo. Ubaya wake ni kwamba hayapitishi jasho pia. Vilevile huwa magumu penye baridi na hupasuka mahali yanapokunjwa mara kwa mara.

Nailoni au poliesta iliyopakwa tabaka la poliurethani kwa ndani: Hii ni nyepesi, hukunjika na kuingia katika mfuko mdogo chini ya kiti. Kwa mhudumu wa bodaboda hili ni jambo muhimu, kwani koti lililoachwa nyumbani halimsaidii. Baada ya miaka kadhaa tabaka la ndani huambuka kama ganda, na hapo koti limekwisha.

Kitambaa chenye utando unaopumua: Mwaka wa 1969 Bob Gore wa Marekani aligundua njia ya kutengeneza utando wenye vitundu vidogo mno. Tone la maji haliwezi kupita katika vitundu hivyo, lakini mvuke wa jasho hupita. Mavazi ya aina hii humfaa anayesafiri masafa marefu. Bei yake huwa juu, na mvua ikizidi hadi sehemu ya nje ilowe kabisa, uwezo wake wa kutoa jasho hupungua.

Ni kipi basi cha kununua? Inategemea mahali unapofanyia kazi. Mwendeshaji wa Mombasa, Malindi au Kisumu anayevaa plastiki nzito siku nzima atalowa kwa jasho badala ya mvua, atapoteza maji mwilini na atapata vipele vya joto. Huyo na achague nailoni nyepesi yenye matundu ya hewa chini ya kwapa na mgongoni, avae mvua inaponyesha na kuvua inapokatika. Wa Kericho, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, au wa Kinangop, anaweza kustahimili kitambaa kizito, mradi avae sweta ndani na kuifungua zipu kidogo anapopumzika.

MSHONO NDIO MLANGO WA MAJI

Mwaka wa 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kitambaa kilichokuwa na tabaka la mpira katikati ya nguo mbili. Kitambaa chenyewe kilizuia maji barabara, lakini mafundi walipokishona, kila tundu la sindano likawa njia ya maji. Tatizo hilo lingaliko hata leo. Koti linaweza kuwa la kitambaa bora, lakini kama mishono yake haikuzibwa, litavuja.

Kwa hiyo ukishika koti, usianze kwa kutazama rangi wala kupima uzito wake. Ligeuze ndani nje. Mishono iliyozibwa vizuri huwa imefunikwa kwa utepe mwembamba uliogandishwa kwa joto, kuanzia mwanzo wa mshono hadi mwisho wake. Katika makoti ya plastiki, vipande huwa vimeunganishwa kwa kuyeyushwa pamoja. Ukiona uzi mtupu na matundu ya sindano, jua kwamba maji yatapita hapo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kagua sehemu hizi tano, moja baada ya nyingine:

1. Zipu ya mbele. Sharti iwe na kifuniko cha kitambaa juu yake, afadhali viwili, vinavyofungwa kwa vifungo au kibandiko cha kunata. Zipu iliyo wazi hupitisha maji moja kwa moja hadi tumboni.

2. Shingo. Kola iwe ndefu na iweze kukazwa. Maji yanayotiririka kutoka kwenye helmeti huingilia hapa.

3. Ncha za mikono. Ziwe na lastiki au kamba ya kukaza.

4. Mapaja na makalio. Maji hukusanyika kwenye kiti kama kidimbwi, na uzito wa mwendeshaji huyasukuma kupitia kitambaa. Suruali nyingi huanza kuvuja hapa. Chagua isiyo na mshono katikati ya makalio, au ambayo mshono wake umezibwa mara mbili.

5. Mifuko. Mfuko wa nje usio na kifuniko hujaa maji kama kikombe. Simu na pesa ziwekwe mfuko wa ndani.

Baadhi ya makoti huwa na lebo yenye nambari kama 5,000 au 10,000. Nambari hiyo huonyesha kimo cha safu ya maji, kwa milimita, ambayo kitambaa kiliweza kustahimili kilipopimwa. Elfu kumi ni sawa na meta 10 za maji. Kwenye nguo za kazi kutoka Ulaya unaweza kuona maandishi EN 343, ambayo ni kipimo cha Ulaya cha mavazi ya kukinga mvua.

KIPIMO: JARIBU UKIWA UMEKETI

Koti linalokutosha ukiwa umesimama mbele ya kioo cha duka huenda lisikutoshe ukiwa juu ya pikipiki. Livae juu ya jaketi yako ya kawaida, kisha keti na unyooshe mikono mbele kana kwamba umeshika usukani. Mikono ya koti ifike kwenye vifundo. Mgongo ufunikwe hadi chini ya kiuno. Magoti yakunjike bila suruali kupanda hadi katikati ya muundi. Kisha geuza kichwa kulia na kushoto. Kola isikuzuie kutazama nyuma.

Hata hivyo, lisiwe kubwa kupita kiasi. Koti linalopeperuka huingiza upepo, humchosha mwendeshaji na humyumbisha pikipiki ikipitwa na lori. Mashuka ya plastiki yanayovaliwa kwa kupitisha kichwa katikati ni hatari zaidi, kwa kuwa pindo lake linaweza kunaswa na mnyororo au gurudumu la nyuma. Hali kadhalika mwavuli mkubwa unaofungwa juu ya pikipiki hushika upepo kama tanga la jahazi.

Ovaroli ya kipande kimoja haina pengo kiunoni, lakini ni kazi kuivaa kando ya barabara. Koti na suruali mbalimbali huvaliwa upesi. Kwa anayevaa na kuvua mara nyingi kwa siku, vipande viwili vinafaa zaidi, maadamu koti liwe refu la kufunika kiuno.

MIKONO, MIGUU NA MACHO

Ukiwa na pesa za kununua kitu kimoja tu baada ya koti, nunua glavu. Mikono ndiyo hupigwa na upepo kwanza, nayo ndiyo hushika breki na klachi. Glavu za sufu pekee hulowa mara moja. Tafuta zenye tabaka lisilopitisha maji, zisiwe nene hata ushindwe kuhisi breki. Ukikosa, vaa glavu za mpira zilizo pana juu ya zile za kitambaa. Zamani wengi walijifunga mifuko ya plastiki mikononi, lakini mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, na hata hivyo ilikuwa ikiteleza juu ya breki. Ncha ya mkono wa koti ipite juu ya glavu na ikazwe, la sivyo maji yatatiririka kutoka mkononi hadi ndani ya vidole.

Miguuni, buti za mpira, au gambuti, huzuia maji vizuri. Hakikisha kwamba unaweza kubadilisha gia kwa urahisi na kwamba soli haitelezi. Suruali ya mvua ipite juu ya buti, wala isiingizwe ndani, maana ikiingizwa maji yote ya mapajani yataishia mguuni. Beba soksi moja kavu ya akiba kwa kila mguu. Angalia pia suruali isiguse bomba la moshi. Nailoni na plastiki huyeyuka na kugandamana na ngozi. Mtu akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Helmeti iwe na kioo kisafi kisicho na mikwaruzo. Kioo cheusi kisitumiwe wakati wa mvua wala usiku. Ili kupunguza ukungu wa pumzi, paka tone la sabuni ya maji kwa ndani, kisha ufute kwa kitambaa kikavu. Wengine huinua kioo ili waone vizuri, lakini tone la mvua likipiga jicho kwa kasi ya pikipiki humfanya mtu afumbe macho pasipo kutaka.

USIFICHE RIFLETA

Sheria ya Trafiki ya Kenya inamtaka mwendeshaji wa pikipiki avae helmeti na jaketi yenye vimulikaji, na abebe abiria mmoja tu. Wengi hutii sheria hii jua likiwaka. Mvua inapoanza, huvaa koti jeusi juu ya rifleta na kujificha kabisa, katika saa ile ile ambayo wenye magari hawaoni vizuri kwa sababu ya mvua na vioo vyenye ukungu.

Rifleta ivaliwe juu ya koti la mvua, au koti lenyewe liwe na vipande vinavyometa kifuani, mgongoni na mikononi. Rangi ya manjano, chungwa au kijani kinachong'aa huonekana upesi mchana. Usiku rangi hizo hazina nguvu. Kinachorudisha mwanga wa taa za gari ni vile vipande vinavyometa, kwa hiyo vifute matope kila siku.

Kumbuka pia kwamba koti la mvua si kinga ya ajali. Kitambaa chake chembamba huchanika mara moja mtu akiburutwa kwenye lami. Kazi hiyo ni ya jaketi nzito iliyo ndani yake na ya helmeti iliyofungwa mkanda.

MTUMBA AU MPYA?

Katika masoko ya mitumba kama vile Gikomba jijini Nairobi na Kongowea mjini Mombasa hupatikana makoti mazuri kutoka ng'ambo. Hakuna ubaya kununua, lakini ukague kwanza. Sugua sehemu ya ndani kwa kidole. Ikiambuka vipande kama majivu, liache. Linuse, harufu ya uvundo ni dalili ya kuvu. Mwinulie mwuzaji mwanga wa jua, uangalie kama kuna matundu mgongoni na chini ya kwapa.

Kisha mwombe ruhusa ufanye jaribio la kikombe. Shika sehemu yenye mshono, uifanye kama bakuli, umimine maji nusu kikombe na ungoje dakika 10. Pitisha kiganja chini yake. Kikibaki kikavu, koti lafaa. Maji yakidondoka penye mshono, lakini kitambaa ni kizima, unaweza kupunguziwa bei na kuziba mshono huo kwa gundi maalum ya vitambaa. Yakipenya kwenye kitambaa chenyewe, usilinunue kwa bei yoyote.

ABIRIA NAYE

Abiria huketi bila kufanya kazi yoyote, kwa hiyo mwili wake hupoa. Mtoto mdogo hupoa upesi zaidi kuliko mtu mzima. Mwendeshaji mwema huwa na koti la pili, hata likiwa la plastiki nafuu, kwa ajili ya abiria. Leso, shuka na kanzu ndefu zikusanywe na kukaliwa vizuri ili zisinaswe na gurudumu.

Helmeti iliyolowa na inayovaliwa na watu wengi huweza kueneza mashilingi na chawa. Ifute ndani kila jioni na kuianika. Abiria anaweza kuvaa kitambaa chepesi au kofia nyembamba ya kwake chini ya helmeti.

UTUNZAJI

Usikunje koti likiwa limelowa na kulisahau chini ya kiti hadi kesho yake. Litaota kuvu na tabaka la ndani litaharibika. Litundike kivulini penye upepo. Lisikaushwe juu ya jiko wala kwenye injini. Lioshe kwa sabuni isiyo kali na maji yasiyo moto, bila kulisugua kwa brashi ngumu. Petroli na mafuta ya taa huondoa madoa, lakini huondoa na tabaka linalozuia maji.

HUDUMA YA KWANZA

Mwenzako akifika steji akitetemeka, vidole vimekakamaa na maneno yake hayaeleweki, asiruhusiwe kuendelea na safari. Fanya hivi:

- Mwondoe penye upepo na mvua.
- Mvue nguo zilizolowa, umpanguse na kumfunika kwa blanketi au nguo kavu, pamoja na kichwa.
- Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe chai moto yenye sukari.
- Usimsugue mikono kwa nguvu wala kuitia katika maji moto sana. Vidole visivyo na hisia huungua bila mwenyewe kujua.
- Akiacha kutetemeka ilhali angali baridi, akisinzia au akichanganyikiwa, apelekwe hospitalini mara moja. Hiyo ni hatari.

Wapo wanaoamini kwamba chang'aa au pombe nyingine huleta joto. Pombe hufungua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi, mtu akahisi joto usoni, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka nje. Humpoozesha zaidi, na tena humlewesha.

Jambo jingine ni jiko la makaa. Usiliwashe ndani ya chumba kilichofungwa ili kujipasha joto au kukausha makoti. Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

KWA MUHTASARI

Kabla ya kulipa, jiulize maswali haya: Je, mishono imezibwa? Je, zipu imefunikwa? Je, linanitosha nikiwa nimeketi, juu ya jaketi yangu? Je, nitaonekana nalo usiku? Je, laweza kukaa kwenye pikipiki kila siku? Ukijibu ndiyo kwa yote matano, umepata koti, hata kama si la bei ya juu.

Steji nyingi zina vyama ambapo wanachama huchanga kila siku au kila wiki. Zamu ya mchango ikifika, chama chaweza kuamua kwamba sehemu yake inunue koti, glavu na rifleta kwa kila mwanachama kabla ya Machi, na makoti machache ya abiria yawekwe pale pale steji. Ununuzi wa pamoja hupunguza bei, na mwenye kipato kidogo naye hukingika. Vidole vyenye joto hushika breki kwa wakati, na anayenufaika si mwendeshaji peke yake, bali pia aliye nyuma yake na anayevuka barabara mbele yake.